Maji ya Shamba na Homa ya Jirani

Jembe halimtupi mkulima, walisema wazee wetu, na sisi tumekua katika neno hilo. Twalihesabu shamba kuwa jambo jema lisilohitaji kuulizwa: alimaye hulisha nyumba yake, humsomesha mwanawe, huwapokea wageni bila kukopa, asiyelima husemwa. Ndiyo sababu swali tunalotaka kuliweka mbele ya wasomaji wetu juma hili laweza kuwaudhi baadhi yao. Mtu amelima mpunga wake kwa halali, katika jaruba lake mwenyewe. Maji ya jaruba lile yakazaa mbu. Mbu akaruka usiku, akamwuma mtoto wa nyumba ya pili. Mtoto akashikwa na homa ya malaria. Je, mkulima yule anadaiwa lolote na jirani yake?

Wako watakaocheka. Mbu, watasema, hana chapa ya mwenyewe kama ng'ombe; nani atakayemtambua kuwa huyu ametoka kwa Fulani na huyu ametoka mtoni? Maneno hayo yana ukweli ndani yake, nasi tutayarudia. Lakini kutojulikana kwa mwenye deni si sawasawa na kutokuwako kwa deni, na jambo linalowalaza watoto wetu kila masika halifai kuachwa kwa kicheko. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 uliona vimelea vya malaria katika damu ya watoto 8 hivi kwa kila 100 wa chini ya miaka mitano. Katika uchunguzi wa mwaka 2007 hadi 2008 walikuwa 18. Tumeshuka sana, na tushukuru. Ila hesabu hiyo ni ya mjini na kijijini pamoja, na kijijini, mahali palipo na mashamba, mzigo ni mkubwa zaidi.

Tuitazame nchi yenyewe. Mtu asimamaye katika mji wa Morogoro akaelekeza uso kusini aiona Milima ya Uluguru imeinuka kama ukuta, na kilele cha Kimhandu chapita mita 2,600. Juu huko Mgeta usiku ni wa baridi. Watu hulima kabichi, viazi na njegere katika miteremko ambayo mgeni aona kizunguzungu kwa kuitazama tu. Malaria huko ni chache, na sababu yake si siri. Kimelea cha malaria chahitaji joto ili kikomae ndani ya mwili wa mbu. Chini ya nyuzi 16 hivi hakikomai. Katika ubaridi wa wastani chachukua siku nyingi mno, hata mbu hufa kabla hajawa hatari kwa mtu. Kwenye joto la tambarare kazi hiyo yote humalizika kwa siku 10 hadi 14 hivi.

Lakini mlima ni ule ule, na watu wameongezeka. Ardhi ya Waluguru kwa asili ni ya ukoo, nayo hufuata upande wa mama. Vishamba vimegawanywa, vikagawanywa tena, mpaka ndugu wawili hawawezi kugeuka na majembe yao katika kimoja bila kugongana. Basi watu hushuka. Hushukia upande wa Matombo, hushukia tambarare za Mvomero, wengine hufika hata Kilombero, wakitafuta mahali pa mpunga na mahindi. Mwili uliokulia kwenye baridi haukuizoea homa ile, nao huangushwa upesi kuliko mwili wa mwenyeji wa bondeni. Jambo hili tulikumbuke katika yote tutakayosema hapa chini: mtu huyu hakuifuata malaria, alikifuata chakula.

Sasa shamba huzaaje mbu? Mbu aenezaye malaria si mbu yeyote. Ni wa kundi liitwalo anofelesi, na jamii zake mbili ndizo zilizotutesa zaidi tangu zamani. Ya kwanza hupenda maji machache yaliyotulia, yenye jua: kidimbwi cha mvua, alama ya kwato za ng'ombe, unyayo wa mtu katika tope, na jaruba lililopandikizwa juzi, ambalo miche yake ni mifupi na jua lafika majini. Ya pili hupenda maji yakaayo, yenye majani pembezoni. Mpunga ukisharefuka na kutia kivuli, jamii hii ya pili huipokea zamu ile ya kwanza. Kwa njia hiyo shamba moja laweza kuzilea zote mbili kwa kupokezana, tangu siku ya kupandikiza hata karibu na mavuno. Na yai la mbu katika maji ya vuguvugu lahitaji siku 7 hadi 14 tu mpaka kiumbe mwenye mabawa aruke.

Tena shamba humtoa mtu nyumbani. Wakati wa mpunga, katika bonde la Kilombero, jamaa nzima huhamia shambani kwa majuma mengi. Baba hujenga kibanda cha miti na nyasi, mama hubeba sufuria na mtoto mchanga, na watoto wakubwa hupanda juu ya dungu kuamia ndege tangu alfajiri hata magharibi, kwa makelele na kombeo, maana kundi moja la kwelea laweza kula kazi ya miezi minne kwa siku chache. Kibanda hakina dari wala mlango wa kufunga. Pengine chandarua kimebaki nyumbani kwa bibi. Pengine kimekuja, lakini hakuna mahali pa kukifunga vizuri. Mtoto akipata homa saa nane za usiku, zahanati iko ng'ambo ya mto uliofurika. Watafiti wa Ifakara, mahali alipofika Mswisi Rudolf Geigy mwaka 1949 na maabara ikasimamishwa mwaka 1957, wameyafuatia maisha ya jamaa hizi za mashambani. Sisi tusiokaa dunguni yatupasa kujua kuwa punje ya mchele iliyo katika sahani zetu imelindwa hivyo.

Wala tusiusingizie mpunga peke yake. Litazame shimo la matofali. Kijana ameuza gunia zake vizuri mwaka huu, naye ataka kuiacha nyumba ya fito na udongo. Achimba udongo nyuma ya ua, afyatua tofali, alichoma tanuri, ajenga, aezeka bati. Jirani wote wamsifu, na ni haki asifiwe, maana nyumba ya tofali yenye madirisha ya wavu huwazuia mbu kuliko ile ya kwanza. Lakini shimo limebaki wazi. Masika hulijaza, na mwenye nyumba nzuri hulala salama, huku maji ya shimo lake yakiwalea mbu wa kwenda kwa yule asiye na nyumba nzuri.

Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo walikwenda katika vijiji vya Mvomero kuwauliza wakulima wenyewe wauonaje uhusiano wa kilimo na malaria, na kazi yao ilichapishwa mwaka 2010. Twaona walifanya vema kuuliza hivyo. Kwa desturi yetu bwana shamba huuliza magunia na mganga huuliza homa, wala wawili hawa hawaketi katika kikao kimoja. Na mkulima, aliye na magunia na homa katika nyumba moja, hukaa katikati akiwajibu kila mmoja sehemu yake.

Turudi sasa kwenye swali la deni. Babu zetu hawakudaiwa kitu. Mpaka karibu na mwisho wa karne ya kumi na tisa hata wataalamu wa Ulaya waliamini ya kuwa homa hii hutoka katika hewa mbaya ya vinamasi, na jina lenyewe la malaria, kwa Kiitalia, maana yake ni hiyo. Mwaka 1897 Ronald Ross huko India alikiona kimelea ndani ya mbu. Mwaka uliofuata Waitalia walithibitisha kuwa ni anofelesi amwambukizaye mtu. Mkulima aliyeacha dimbwi shambani mwake mwaka 1890 hakuwa na hatia zaidi ya mtu aliyekunywa maji. Lakini sisi tunajua. Mtoto wa darasa la tatu anajua. Na ujuzi, ukishaingia nyumbani, hauondoki bila kuleta madai yake.

Katika sheria ya kale waliyopewa wana wa Israeli iko habari ya mtu aliyechimba shimo asilifunike, na mnyama wa mwenziwe akatumbukia humo. Mwenye shimo alitakiwa kulipa. Twapenda kuona jinsi sheria ile ilivyo na kiasi. Haimkatazi mtu kuchimba, maana katika nchi kavu shimo la maji ni uhai. Haimwulizi kama alimchukia mwenye ng'ombe. Yamwuliza neno moja tu, kama alilifunika. Tena karibu na hapo iko habari ya ng'ombe apigaye pembe: ng'ombe akimwua mtu na mwenyewe akiwa hakujua, mwenyewe huachiliwa, akiwa ameonywa naye hakumfunga, hatia yake yawa kubwa sana. Tofauti yote imo katika kule kuonywa.

Walimu wa maadili wametuachia kipimo kinachofuata njia hiyo hiyo. Mtu aweza kutenda jambo jema ambalo laleta na madhara asiyoyataka, mradi jema lile ni kubwa ya kutosha kuyapita madhara, na mradi hakuna njia nyingine iliyo katika uwezo wake ya kulipata jema bila madhara hayo. Chakula cha watoto ni jema kubwa ya kutosha. Hapo hatuna ubishi. Basi uzito wote wa swali waangukia maneno yale ya mwisho: njia iliyo katika uwezo wake. Uwezo wa nani? Wa mtu mmoja mwenye jembe moja?

Hapa yatupasa kuwa waangalifu, maana ni rahisi sana kwa wenye kalamu kuwatwika wenye jembe. Mwanamke anayelima robo eka ya mpunga karibu na Matombo ili apate akiba ya kufika mavuno mengine, tukimwambia kuwa yeye ndiye anayewaua watoto wa kijiji, tumesema uongo na tumemdhulumu. Akikausha jaruba lake peke yake, mpunga wake wafa, na mbu wa majaruba arobaini yanayomzunguka hawajapungua hata robo. Sharti la haki halimtaki mtu ajiue kwa njaa ili kuonyesha moyo mwema. Hapo ndipo yule aliyecheka mwanzo alipokuwa na ukweli: mbu hana mwenyewe mmoja. Lakini twasema, kama hana mwenyewe mmoja, basi ana wenyewe wengi; na deni la wengi huwa gumu kudaiwa, wala halifutiki kwa ugumu huo.

Kiko kisa cha Moshi kinachofaa kukumbukwa. Watafiti walivilinganisha vijiji vya tambarare ya chini ya Kilimanjaro. Katika kijiji chenye mpunga wa kumwagilia mbu walikuwa wengi mara kadhaa kuliko katika kijiji cha nyika kisicho na mpunga. Lakini malaria katika kijiji cha mpunga ilikuwa pungufu. Watu walishangaa. Sababu iliyoelezwa ni fedha: mpunga ulileta mapato, mapato yakaleta vyandarua na dawa na chakula bora. Wengine wakafurahi upesi wakasema, basi, mpunga hauna ubaya. Sisi twasoma kisa kile kwa jicho jingine. Fedha ya mpunga yamlinda aliyeipata. Je, yule mjane aliye kandokando ya skimu, asiye na jaruba hata moja, mwenye kuwapata mbu bila kulipata gunia? Yeye ndiye jirani tunayemuuliza tangu mwanzo wa makala haya.

Tena hali imegeuka. Katika miaka iliyofuata vyandarua vyenye dawa viligawiwa kwa wingi nchini mwetu na katika Afrika nzima, kwa wenye fedha na wasio nazo. Na utafiti wa Kilombero wa mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa mmoja wa tafiti zilizoonyesha jinsi chandarua chenye dawa kiokoavyo watoto. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini kwa kuwa sasa vyandarua vimewafikia watu wa vijiji vyote, ile nafuu ya kijiji chenye mapato imepungua, na maji yamebaki. Uchambuzi wa tafiti nyingi za Afrika uliochapishwa mwaka 2022 uliona kuwa tangu mwaka 2003 hivi vijiji vya mpunga vina malaria zaidi kuliko vijiji visivyo na mpunga. Maana yake ni kwamba hatuwezi tena kusema fedha italipa deni la maji.

Kuna na deni la namna nyingine, nalo lahusu wakulima wa mboga kuliko wale wa mpunga. Dawa nyingi zinazonyunyizwa juu ya kabichi na nyanya ni za jamii ya pareto iliyotengenezwa viwandani, jamii ile ile inayotiwa katika vyandarua. Mvua huziosha kutoka kwenye majani, zikaingia mferejini na kwenye vidimbwi kwa kiasi kidogo kisichoua viluwiluwi wote. Wanaosalia ndio wenye nguvu, nao ndio wanaozaa. Katika sehemu nyingi za nchi yetu wameonekana mbu wanaotua juu ya chandarua chenye dawa wasife. Sababu za jambo hilo ni zaidi ya moja, na vyandarua vyenyewe vimo katika sababu hizo. Lakini dawa za mashambani zahesabiwa pamoja nazo. Basi mtu anyunyizaye mara tatu pale penye haja ya mara moja, kwa sababu mwenye duka alimwambia ongeza, aharibu ngao ya watu wengi asiowajua. Tena aliyemwuzia bila kumweleza neno ana sehemu yake, na twaona ni sehemu kubwa kuliko ya mnunuzi.

Na wale walao? Mchele wa Mvomero na wa Kilombero haukai Morogoro. Huenda Dar es Salaam kwa malori, pamoja na kabichi ya Mgeta. Na maji ya Mto Ruvu, yanayotoka katika milima hii, ndiyo yanayonywewa na mji ule. Mtu wa mjini hupata mchele, mboga na maji; homa haimo katika gunia. Ikiwa twataka kuhesabu wenyewe wa mbu, tusiishie kwenye mpaka wa kijiji. Serikali na wafadhili wajengao skimu wanaweka katika hesabu zao saruji, mabomba na malango ya maji. Ingekuwa haki waweke pia mfereji wa kuyatoa maji, kwa uangalifu ule ule wanaouweka katika mfereji wa kuyaingiza. Skimu isiyoweza kukaushwa imejengwa nusu. Na dawa ya kuua viluwiluwi, ambayo sasa yatengenezwa hapa hapa nchini katika kiwanda cha Kibaha kilichozinduliwa mwaka 2015, mkulima wa robo eka hawezi kudaiwa ainunue kwa mfuko wake.

Jambo gumu kuliko yote ni hili: wengi wenye deni moja watalipaje pamoja? Milima ya Uluguru ina funzo lake katika habari hiyo, nalo ni chungu. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuiokoa ardhi ya Uluguru. Nia haikuwa mbaya; udongo ulikuwa unaporomoka kweli, na mito ilikuwa inajaa matope kweli. Watu waliamriwa kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko, kila mwenye kodi kwa kipimo chake, na asiyechimba alitozwa faini. Lakini ngazi zile, mahali pengi, zilifukua udongo wa chini usio na rutuba na kuufukia ule mzuri, na mazao yakapungua. Wakulima walisema. Hawakusikilizwa. Mwezi wa Julai mwaka 1955 watu wa Matombo walikusanyika kwa hasira, polisi wakapiga risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukavunjika mwaka ule ule. Uchungu wake ulidumu kuliko matuta yenyewe.

Twalikumbusha jambo hilo kwa sababu wako leo wapendao njia ya mkato. Wawekeeni faini, wasema. Kila mwenye dimbwi alipe. Kwa mwenye shimo la matofali aliyeonywa mara mbili mbele ya mkutano wa kijiji, labda. Lakini amri iliyotungwa na asiyelijua shamba, ikapelekwa kwa anayelijua, huzaa matuta ya mwaka 1955. Nani ajuaye siku ya kuyatoa maji jarubani bila kuunyima mpunga haki yake? Ni yule aliyekanyaga tope lile tangu utoto.

Miaka kumi na minane baadaye, taifa likiwa huru, ilijaribiwa njia nyingine. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni mbili walikusanyika katika vikundi kuzunguka redio, na kijitabu mkononi, na mmoja wao akiwa kiongozi, wakasikiliza habari za malaria, kichocho, kuhara na safura, wakajadili, kisha kikundi chenyewe kikaamua kazi yake. Hawa walichimba vyoo, hawa walifyeka majani kandokando ya nyumba, hawa walifukia madimbwi. Hatusemi yote yalidumu. Mengi hayakudumu, kwa kuwa kampeni ilikwisha na redio ikahamia habari nyingine, na dimbwi hurudi kila masika bila kungoja kampeni. Lakini ulinganishe mwaka ule na ule wa 1955. Kazi ilikuwa ya jembe lile lile, jasho lile lile. Tofauti ni nani aliyeamua.

Basi deni la wengi hulipwa kwa mapatano ya wengi, nayo lazima yawe mapatano ya kila msimu. Katika skimu ya Mkindo, wilayani Mvomero, wataalamu wa Chuo cha Sokoine na wakulima wamejaribu kile kiitwacho kilimo shadidi cha mpunga, ambacho jaruba halikai na maji siku zote bali hulowa na kukauka kwa zamu. Shabaha ilikuwa kupunguza maji na kuongeza mavuno, wala si kuwafukuza mbu. Lakini viluwiluwi hawawezi kuishi kwenye tope lililokauka. Jaruba likikauka kabisa kabla hawajaota mabawa, kizazi kile kimekwisha. Neno lile la kukauka kabisa lina uzito. Jaruba lisilosawazishwa huacha vishimo, na nyayo za wapaliliaji huacha vishimo, na katika vishimo hivyo ile jamii ya kwanza tuliyoitaja husherehekea. Tena haifai mmoja akaushe Jumatatu na jirani yake Ijumaa. Zamu ni ya kitalu kizima, au si zamu.

Mara hapa litazuka swali la mwenye kukodi, nalo husahauliwa katika mikutano. Wengi walimao mabondeni si wenye ardhi. Ni watu wa mlimani waliopewa jaruba kwa msimu mmoja, kwa fedha au kwa gunia. Mtu wa namna hiyo, ukimwambia asawazishe jaruba na kuchimba mfereji wa kutolea maji, atakuuliza kwa haki: niufanyie kazi msimu ujao wa nani? Kwa maoni yetu kazi ya kudumu, kama kusawazisha na kuchimba mfereji, ni juu ya mwenye ardhi, apokeaye kodi mwaka hata mwaka. Kazi ya kila juma, kama kufunga na kufungua maji, ni juu ya mwenye kulima. Mwenye ardhi anayepokea gunia akauacha mfereji uzibe asijifiche nyuma ya mgongo wa mpangaji wake. Na kama ardhi ni ya ukoo, basi wazee wa ukoo na wapange siku moja kabla ya masika.

Wakati wa kuhamia shambani, chandarua cha pili kingehesabiwa kuwa chombo cha kilimo kama jembe na panga. Chama cha wakulima kinachokopesha mbolea kinaweza kukopesha na hicho, kikalipwa kwa mpunga wakati wa mavuno. Wala si sharti kibanda kiwe kizuri. Yatosha nguzo nne za kukifungia na mkeka chini yake.

Ama shimo la matofali, hilo halihitaji skimu wala mtaalamu. Lahitaji vijana wanne na siku mbili za kiangazi, kabla vuli haijaanza. Likiwa kubwa mno lisifukike, wako watu mkoani Morogoro waliogeuza mashimo kuwa mabwawa ya samaki, na perege hula viluwiluwi. Lakini majani ya pembezoni yafyekwe kila juma, maana yasipofyekwa viluwiluwi hujificha humo na samaki hawawafikii.